Mteja Hapatikani

Wanachuo wenzangu, chukueni filamu yoyote ya Kibongo yenye changudoa ndani yake, na mimi nitawasimulia mwisho wake kabla bisi hazijaisha. Binti anatoka kijijini na begi la kuazima. Anafika mjini, shangazi anamnyanyasa, rafiki anamwonesha "mchongo". Zinafuata wigi, sketi fupi na taa za baa. Baada ya hapo anakohoa. Akikohoa mara ya pili, jueni tunakwenda kwenye kitanda cha hospitali, kisha jeneza, kisha mama anayejigaragaza chini, kisha maandishi ya kutuusia yanayopanda kwenye skrini. Mtunzi akiwa na huruma kidogo, binti hafi: anaokoka, au anarudi kijijini kumpigia baba yake magoti.

Sasa niambieni: yule bwana aliyeshusha kioo cha gari akamwita, yeye ameishia wapi? Alikohoa? Mke wake alijua? Hatujui. Alionekana dakika moja na nusu, mara nyingi mkono na saa tu, akatoa hela, akaondoka, na filamu ikamsahau. Biashara hii ina watu wawili, anayeuza na anayenunua, lakini sinema yetu ina mmoja.

Hoja yangu ni hiyo tu. Tunapobishana kuhusu filamu zinazogusa ukahaba, na mada nyingine ambazo wazee wetu wanaziita za aibu, huwa tunauliza kama filamu imeonesha mno: paja, kitanda, tusi. Mimi naona zinaonesha pungufu, na kinachopunguzwa ni kilekile kila mara.

Tuanze na lugha, maana sinema imerithi huko. Hesabuni majina tuliyo nayo kwa mwanamke wa biashara hii. Kahaba, kwa wanaoandika. Malaya, kwa wanaotukana. Changudoa, jina la samaki aina ya changu mwenye doa, likahama kutoka mnadani likaja kukaa barabarani. Dada poa, kwa waandishi wa habari wanaotaka kuonekana wastaarabu. Siku hizi kuna mdangaji, ambaye hata si lazima awe anauza chochote, ilimradi ana simu nzuri kuliko boom lake. Majina matano, na hapo sijafika yale ya mtaani ambayo mhariri angeyakata.

Haya, mwanamume anayenunua anaitwaje? Anaitwa mteja. Jina lilelile la mtu anayekwenda dukani kununua sukari. Ndilo pia jina analolitumia yule dada wa kwenye mitandao ya simu: mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Hata neno danga, ambalo ndilo jipya tulilompa, linamfanya awe windo, kama vile yeye ndiye anayeviziwa na kuchunwa. Kanuni ya Adhabu nayo, Sura ya 16, kifungu cha 176, inamtaja kahaba waziwazi miongoni mwa wazururaji. Nimekisoma kifungu hicho, na neno mteja sikuliona. Kwa hiyo mtunzi wa filamu anapokaa kuandika, lugha imeshampa mwanamke majina matano na mwanamume hakuna. Kamera inafuata palipo na jina.

Nalisemea hili tukiwa Dodoma kwa sababu. Mji huu ulitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na TANU, ukangoja zaidi ya miaka 40, halafu Julai 2016 Rais Magufuli akasema sasa Serikali inahamia kweli. Tarehe 26 Aprili 2018 likawa jiji. Sisi tuliokuja kusoma hapa tumekuta mji unaojengwa mchana na usiku. Wakati wa Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, nyumba za wageni zinajaa, bei ya kuku inapanda Chako ni Chako, na mafundi wa saluni hawapati muda wa kula. Ni kipindi hichohicho ambacho sisi tuko kwenye muhula wa pili na boom limeshaisha.

Kutokana na hayo imezaliwa hadithi ambayo kila mmoja wetu ameshaisikia: mwanachuo wa Dodoma na mheshimiwa. Ipo kwenye vichekesho vya simu, ipo kwenye tamthilia, ipo kwenye mazungumzo ya daladala. Sisemi ni uongo mtupu. Wapo wasichana wanaofanya, na wapo wavulana pia, ingawa hao ndio kabisa hawana filamu. Wengine wamesukumwa na kodi ya chumba, wengine na mdogo wake aliyefukuzwa ada, wengine wamechagua tu na hawahitaji mtu awatungie sababu. Ninachosema ni kwamba hadithi hii imezunguka miaka yote hiyo ikiwa na sura ya msichana peke yake. Matokeo yake tunayaishi. Mwenye nyumba anayetupangisha huku nje ya chuo anawauliza wasichana wanaletwa na nani usiku. Wavulana hawaulizi kitu. Dereva wa bodaboda akisikia unaelekea Area D saa mbili usiku anacheka kabla hujataja bei. Dada yangu wa Kondoa aliponipigia baada ya kutazama kichekesho kimoja cha wanachuo wa Dodoma, alichotaka kujua ni kama naendelea vizuri "na masomo". Aliutamka huo mkato ulivyo.

Hiyo ndiyo gharama ya filamu inayoonesha upande mmoja. Inatoka kwenye skrini inakuja kukaa mlangoni kwako.

Tabia hii haikuanza na Bongo Movie. Filamu katika nchi yetu ilianza kama darasa. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliweka kambi kule Vugiri, milima ya Usambara, wakatengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na uwekaji akiba, mradi walioupa jina la Bantu Educational Kinema Experiment. Miaka ya mwanzo ya 1950 ikaja Muhogo Mchungu, hadithi ya mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na ushamba wake. Wengi hawajui kwamba aliyeigiza humo ni Rashidi Kawawa, yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Tangu hapo mtindo umekuwa huo: mji ni mtego, mtu wa kijijini anaingia bila akili, anaadhibiwa, mtazamaji anapata funzo.

Uhuru ukaja, funzo likabaki. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 iliweka utaratibu kwamba mtu haanzi kupiga filamu mpaka apate kibali na muswada wake usomwe. Halafu ukaja UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na fedha nyingi za filamu na tamthilia zikawa fedha za kampeni ya afya. Kazi ya filamu ikawa kuonya. Kuonya kunahitaji mtu wa kuonywa naye, na mtu huyo akawa yule binti anayekohoa. Kwa njia hiyo tukafundishwa, bila mtu yeyote kutamka, kwamba ugonjwa unatoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanamume, na kwamba mke wa nyumbani aliyeambukizwa ameletewa na "yule malaya", kana kwamba kati yao hapakuwa na mtu aliyetembea kwa miguu yake mwenyewe kutoka kitanda kimoja hadi kingine.

Hapa nifike kwenye filamu iliyoleta ugomvi mkubwa kuliko zote zilizowahi kupigwa nchini. Mwaka 2004 Mwaustria Hubert Sauper alitoa filamu yake ya kumbukumbu Darwin's Nightmare, aliyoipiga Mwanza. Mtaani tuliijua kama filamu ya Mapanki. Inahusu sangara, viwanda vya minofu, ndege kubwa za mizigo zinazopeleka samaki Ulaya, na watu waliobaki na vichwa na mifupa, yaani hayo mapanki. Ilishinda tuzo ya César nchini Ufaransa na ikateuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani, akisema imeichafua nchi. Huko Ufaransa nako mwanahistoria François Garçon aliipinga kwa nguvu, wakafikishana mahakamani na Sauper, na Sauper akashinda.

Mjadala ulikuwa wa mapanki na silaha. Je, mapanki yanaliwa na watu au yanakwenda kwenye chakula cha mifugo? Je, ndege zile huja tupu au huja na bunduki za vita vya jirani? Ni maswali halali, na filamu ile ilistahili kuulizwa, kwa sababu kuna mambo iliyoyadokeza bila kuyathibitisha. Lakini ndani ya filamu hiyo yumo dada anayeitwa Eliza. Anafanya biashara na marubani wa ndege hizo. Anaimba wimbo wa kuisifu Tanzania, wanaume wakiwa wamekaa pembeni yake. Kabla filamu haijakamilika, Eliza anauawa na mteja.

Nimesoma nilichoweza kupata cha ugomvi ule. Watu waliohoji mapanki ni wengi. Aliyeuliza Eliza alikuwa mtoto wa nani, kesi yake ilifika wapi, na aliyemuua yuko gereza gani, sikukutana naye. Tulikasirika kwamba nchi imevuliwa nguo, na tulikuwa na haki ya kukasirika. Ila mtu aliyekufa alikuwa raia wa nchi hiyohiyo, aliyeiimbia.

Nina la kumsema Sauper pia. Yeye aliondoka na tuzo, na Eliza aligeuzwa alama ya Afrika inayoteseka, ambayo wazungu wanaipenda sana kwenye matamasha yao. Pamoja na hayo, alifanya jambo moja ambalo filamu zetu hazikufanya. Aliwaweka wateja kwenye fremu moja na Eliza. Tunawaona nyuso, tunawasikia wakicheka, baadaye mmoja wao anakaa mbele ya kamera na anaona haya kwa mizigo aliyowahi kubeba. Najiuliza kama ukali wa filamu ile haukutoka hapo. Wateja wake walikuwa wageni, kwa hiyo ilikuwa rahisi kwa mgeni mwenzao kuwaonesha. Wateja wenyeji wa Mwanza nao hawapatikani humo.

Tutoke Mwanza twende Nairobi, ambako kuna kisa kinachoonesha vizuri zaidi jinsi mwisho wa filamu unavyolindwa. Mwaka 2018 mwongozaji Wanuri Kahiu alimaliza Rafiki, filamu ya wasichana wawili wanaopendana. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuoneshwa katika tamasha la Cannes. Bodi ya Kenya ya kuainisha filamu iliipiga marufuku nyumbani. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaondoa marufuku kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa watu. Najua wasomaji wa gazeti hili hawatakubaliana kuhusu mada yake, na leo sitaki kuwagombanisha kwa hilo. Ninachotaka mkione ni hiki: Kahiu ameeleza kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho, kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Wasichana hawakujutia vya kutosha. Kwa maneno mengine, ungeweza kuigusa mada, ilimradi wahusika walipe.

Hapo ndipo nilipoielewa hadithi ya binti anayekohoa. Kikohozi chake ni kibali. Mtunzi anajua akimuua mwishoni ataruhusiwa kumwonesha dakika themanini zote na sketi fupi, na mnunuzi wa filamu atapata vyote viwili, raha ya kumtazama na raha ya kumhukumu. Tukiita hayo maadili, tuwe wakweli kidogo.

Mwaka huu nimeyaona hayo kwa karibu. Wenzetu kadhaa wanatengeneza filamu fupi kwa simu, na waliniomba niigize. Nafasi yenyewe, mmeshaijua: mwanachuo anayejiuza wakati wa Bunge. Nikaomba skripti. Ina maonesho 14. Msichana yumo katika 13. Ana jina, ana kabila, ana kozi anayosoma, ana mama mgonjwa kule Mpwapwa. Mwanamume yumo katika maonesho matatu, na kila anapoingia imeandikwa hivi: MHESHIMIWA (anaonekana mgongo tu). Nikamuuliza mwandishi, kaka, kwa nini mgongo tu? Akanijibu bila kufikiri: "Dada, tukimwonesha uso watu watauliza tumemlenga nani."

Nilimheshimu kwa jibu hilo, maana ni la kweli. Ana hofu, na hofu yake ina msingi. Kibali kinaweza kukwama. Mtu anaweza kuitwa ofisini. Lakini ulisikilizeni vizuri jibu lenyewe. Uso wa msichana haukumtia hofu mtu. Hakuna aliyejiuliza watu watasema tumemlenga nani, ingawa wasichana wa chuo hiki ni maelfu na kila mmoja wao atatazamwa kwa jicho lile baada ya filamu kuzunguka kwenye magrupu. Aibu yake haina mwenye kuilinda, kwa hiyo ni ya bure. Aibu ya mheshimiwa ambaye hata hayupo, wa kutunga, imelindwa tayari na kijana wa mwaka wa pili mwenye simu iliyopasuka kioo.

Nilimwambia nitaigiza akiongeza onesho moja tu: yule bwana asubuhi, nyumbani kwake, anakunywa chai na familia yake. Bila tusi, bila mahubiri. Mke anamuuliza kikao kilikwendaje. Anajibu kiliisha vizuri. Basi. Mpaka ninapoandika haya bado tunabishana, na sijakata tamaa.

Wapo watakaosema nataka filamu za wanaharakati ambazo hazitazamiki. Hapana, nataka filamu nzuri, na zipo zilizojaribu. Siri ya Mtungi, tamthilia ya mwaka 2012, ilikuwa na fedha za kampeni ya afya kama nyingine, lakini iliamua kumfuata mwanamume. Cheche, mpiga picha aliyeoa, anatamani. Sisi tunakaa ndani ya tamaa yake, tunamwona akijidanganya hatua kwa hatua. Mzee Kizito ana wake zake na bado macho hayatulii. Tulicheka nao, na tulipomaliza kucheka tukajikuta tunawajua watu wa namna hiyo, wengine wakiwa kina baba zetu. Nairobi Half Life, ya mwaka huohuo 2012, ina Amina, anayefanya biashara hii, lakini ana mpenzi, ana hasira, ana mzaha, na filamu haikumwita aje kutufundisha UKIMWI.

Wengi wetu pia tumemwona Gangubai, filamu ya Kihindi ya mwaka 2022. Msichana anauzwa danguroni na kijana aliyemwahidi kumfanya mwigizaji wa sinema. Hilo linapaswa kuwaumiza kidogo watu wa tasnia yenyewe. Hapa kwetu waigizaji wa kike wamelalamika mara nyingi kuombwa ngono ili wapate nafasi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalitambua jambo hilo kuwa kosa, na inamtaja anayedai kwa madaraka yake. Ni mahali pachache ambapo sheria yetu imemgeuzia mnunuzi taa. Bado sijaona sinema ya Kibongo iliyogeuka naye vizuri, iwe ya studio, iwe ya ofisi, iwe ya chumba cha mwalimu anayesahihisha mitihani.

Sisemi tuige kila cha nje. Wamarekani walitupa Pretty Woman mwaka 1990, ambapo mteja ni tajiri mzuri wa sura, na mwisho wake anamchukua dada yule kama zawadi. Humo mteja anaonekana sana, tena anang'aa, na ni uongo wa aina nyingine: anayenunua ndiye mwokozi. Kati ya binti anayekufa kwetu na binti anayeolewa na mteja kule kwao, mwanamke wa kawaida, anayefanya kazi hiyo miaka sita, akajenga chumba na sebule, akasomesha, akaacha, akafungua genge la mboga, hana filamu. Na huyo ndiye aliyekuwapo siku zote. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu mwaka 1990 kuhusu Nairobi ya wakoloni, The Comforts of Home. Humo wamo wanawake walionunua na kujenga nyumba Pumwani kwa fedha za biashara hiyo, na waliotofautisha wenyewe kati ya watembezi, malaya na wazi-wazi, kila kundi na taratibu zake. Walikuwa na mahesabu. Sinema yetu haijawahi kumwona changudoa akipiga hesabu.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kipuuzi. Mama yangu angeisema hivi: mwanangu, ukionesha changudoa aliyejenga, wadogo zako wataiga. Namjibu kwa heshima kwamba tumemuua binti yule kwenye sidi, kwenye televisheni na sasa kwenye simu kwa miaka zaidi ya 20, na barabara hazijapungua watu. Funzo lingekuwa linafanya kazi, tungeshaliona. Labda halifanyi kazi kwa sababu linafundishwa kwa mtu mmoja kati ya wawili. Kijana wa kiume anayetazama filamu hizo anafundishwa nini? Anafundishwa kwamba kuna wanawake wa hatari, na kwamba akilipa akaondoka mapema, hadithi haimhusu.

Na wengine watasema, mbona wewe unatetea umalaya? Sijautetea popote. Aliyesoma hadi hapa akaona nautetea, arudie aya ya tatu. Nimeomba tu hesabu ikamilike. Misako inapofanyika mijini tunaona kwenye taarifa ya habari wanawake wamejifunika khanga usoni, wamekalishwa chini. Kamera inawapitia mmoja mmoja. Jiulizeni kamera hiyo ilifundishwa na nani kuangalia chini.

Kwa wenzetu mnaotayarisha filamu fupi muhula huu, nina maswali matatu ya kuupitisha muswada kabla ya kuwasha simu. La kwanza: mwanamke huyu ana kitu chochote zaidi ya dhambi na shida? Ana deni la vicoba, ana rafiki, ana wimbo anaoupenda, ana siku ya kufua? La pili: mnunuzi ana jina, kazi na asubuhi yake? La tatu: mwishoni, nani analipa, na amelipa kwa sababu hadithi imefika hapo au kwa sababu mliogopa? Majibu hayahitaji fedha. Hayahitaji hata kumvua mtu nguo. Onesho la bwana anakunywa chai lina gharama ya majani na sukari.

Na kwa sisi watazamaji, tunaojazana kwenye ukumbi wa chuo kutazama kazi za wenzetu na kupiga miluzi binti anapoingia na sketi: siku hiyo tujizuie kidogo, tusubiri mpaka yule bwana wa kwenye gari aingie. Akiingia mgongo tu, tuulize kwa sauti, mbele ya waandaaji, uso wake uko wapi. Wakituambia hapatikani kwa sasa, tuwaambie tutapiga tena.

Naomba kuwasilisha.